Damu ya Fizi Ni Alama ya Hatari

Ndugu mfanyakazi wa Butembo ao Beni, jino likitikisika usilaumu muwa wala mahindi ya kuchoma. Jino ni kama nguzo iliyochimbiwa ardhini: ukiondoa udongo kandokando, hata mkono huitikisa. Ugonjwa wa fizi hula mfupa polepole, mara nyingi bila maumivu. Uzito wa kutafuna ni uleule, lakini mzizi ulioshikwa umekuwa mfupi. Kila tonge linazidi kuulegeza. Na mfupa uliokwisha haurudi wenyewe.

Wengi hungoja siku ya kung'olewa. Hilo ni kosa. Ukiona ufa juu ya kichwa chako shimoni, je, utangoja? Damu kwenye mswaki ni ufa huo. Piga mswaki asubuhi na usiku, acha tumbaku, nenda kwa muganga wa meno akuondolee ukoga mgumu.