Alama ya kuzaliwa si laana, tusiitie wembe



Ndugu zetu wa Bariadi na mkoa mzima wa Simiyu, leo tukumbushane juu ya amana ya mtoto mchanga. Hutokea, kwa nadra, mtoto akazaliwa na uvimbe mwekundu au wa zambarau usoni au mguuni. Siku ya akika jamaa hukusanyika, na badala ya dua hupita minong'ono: mama huyu kamkosea nani? Nani kamroga?

Tuseme wazi. Uvimbe wa namna hiyo mara nyingi ni fungu la mishipa midogo ya damu iliyoota kupita kiasi tangu tumboni. Si saratani, hauambukizi, wala si malipo ya dhambi ya mzazi. Aina moja hunywea yenyewe, aghalabu kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja na nusu. Nyingine hubaki na kukua pamoja naye. Ipo pia iliyo ya kawaida zaidi, ambayo hujitokeza wiki chache baada ya kuzaliwa, hukua haraka, kisha hupungua polepole kwa miaka. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walieleza kuwa dawa ya moyo iitwayo propranololi huinywesha aina hii ya mwisho. Nayo hutolewa kwa usimamizi wa daktari tu.

Basi ole wetu tunapoufunga uzi, kuuchoma au kuuchanja! Mtoto wa kilo 3 ana takriban robo lita ya damu mwilini mwake. Ataimwaga kiasi gani abaki hai?

Mtume (S.A.W) alituhimiza kutafuta tiba, na akatukataza kuwaendea makahini. Si kila uvimbe ni huu, kwa hiyo mtoto aonwe zahanati, na ikilazimu apewe rufaa hadi hospitali ya mkoa au Bugando, Mwanza. Ukiwa karibu na jicho au mdomo, ukitoka damu au kufanya kidonda, tusingoje kesho.

Nanyi akina baba, msimwache mama abebe peke yake mtoto na lawama. Hujafa hujaumbika.