Mwaka wa Kiwandani: Uliza Kabla ya Kuchagua

 

Mwezi huu, sisi tunaosoma uhandisi hapa Uingereza tumeongea jambo moja tu: uzamili. Nyumbani kila mtu ana neno lake. Mama anataka tumalize upesi, baba mdogo anauliza, "Na kazi je?" Ndiyo maana kozi zenye mwaka wa mafunzo kiwandani zinatuvutia. Ndugu zetu wa Dar wanaita fildi, wa Nairobi wanaita atachimenti, lakini huku mara nyingi ni mwaka mzima, tena wenye mshahara.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni MEng, yaani shahada ya kwanza na uzamili pamoja. Kwa England kawaida ni miaka 4, na ukiongeza mwaka wa kiwandani inakuwa 5. Mkopo wa shahada ya kwanza unaifikia mpaka mwisho. Ya pili ni kumaliza BEng, halafu kusoma MSc, ambayo mkopo wake ni mwingine. Zote zinaweza kukufikisha kwenye CEng, mradi kozi zimeidhinishwa. Orodha iko kwa Engineering Council.

Sasa tusikilize yaliyompata mwenzetu. Jina la kozi yake lilitaja mafunzo kiwandani, akadhani chuo kitampeleka. Kumbe nafasi anatafuta mwenyewe! Alianza kuomba mwezi wa pili, na kampuni nyingi alizozitaka zilifungua maombi tangu vuli, zikafunga. Akahamishiwa kozi ya kawaida. Kwao hawachukui mkopo wa riba, na mshahara wa mwaka ule ndio ungelipa ada ya mwisho. Ikabidi jamaa wachange kama wanavyochangia harusi, naye kila Jumamosi na Jumapili yuko dukani anauza.

Kwa hiyo tumekubaliana, kabla ya kuchagua kozi tuulize haya:

Nani anatafuta nafasi, chuo au mimi? Nikiikosa, nitahamishiwa kozi gani? Mwaka jana walipata wangapi? Hili waulizwe wanafunzi wenyewe, si kijitabu cha matangazo. Na ada ya mwaka huo ni kiasi gani? Kwa MEng za England, mwanafunzi wa nyumbani anayekaa kazini mwaka mzima hatozwi zaidi ya asilimia 20 ya kiwango cha juu cha ada. Lakini ukilipwa mshahara, mkopo wa kujikimu nao hupungua, kwa hiyo piga hesabu mapema.

Wazee walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mwenzetu ameahidi kuleta barua zake za maombi kwenye kikao kijacho, zile zote zilizokataliwa. Tuje tuzisome pamoja, kisha tuandike zetu kabla vuli haijaisha.