Ardhi ya Wakulima Isigeuzwe Uwanja wa Starehe

Kila afanyaye kazi anastahili kupumzika. Mvuvi aliyekesha ziwani, karani aliyeinamia meza mwaka mzima na mwalimu aliyefunga shule, wote wana haki ya kukaa siku chache mahali penye utulivu. Hilo hatulibishi. Tunalolihoji ni mahali pa mapumziko hayo, na ni nani atakayeyagharimia.

Tuitazame Kasulo, wilayani Ngara, penye njia panda ya Benaco, ambako msafiri atokaye Lusahunga huchagua kwenda Rusumo mpakani au Ngara mjini. Vilima vyake vinapendeza, na shamba la huko huuzwa kwa fedha kidogo kuliko kiwanja cha mjini. Basi mwenye akiba, awe ofisa wa Serikali au mwenye mitumbwi wa visiwani, hujiwa na wazo la kununua ekari kadhaa, ajenge nyumba ndogo, awe anakwenda huko nyakati za likizo.

Lakini urahisi huo ni wa mnunuzi peke yake. Kwa mkulima, ekari hizo ni migomba, maharage, mihogo na urithi wa watoto. Mara nyingi huuza kwa sababu nyumbani kuna mgonjwa, au mtoto anadaiwa mahitaji ya shule. Fedha zikiisha, mwenye shamba wa jana huwa kibarua wa leo. Mnunuzi naye huja mara mbili kwa mwaka. Siku zilizobaki shamba hulindwa na mtu mmoja, na majirani hukatazwa hata kuokota kuni. Huko ni kuigeuza riziki ya wengi kuwa starehe ya mmoja.

Wananchi wa Kasulo wanajua maana ya kutoa ardhi. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 wakikimbia kutoka Rwanda, na wengi wao wakapokewa Benaco. Miti ilikatwa kwa ajili ya kuni na kujengea vibanda, na vilima vikabaki vitupu. Wakimbizi hao walirejea kwao Desemba 1996, lakini miti haikurejea pamoja nao. Waliobeba mzigo ule kwa ajili ya mwenye dhiki hawastahili leo kupunguziwa mashamba kwa ajili ya mwenye ziada.

Msimamo wa nchi yetu katika jambo hili ni wa siku nyingi. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake "Mali ya Taifa", alipinga ardhi kufanywa bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa milele ulifutwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaikataza Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano wa Kijiji. Ardhi isiyokaliwa wala kutumiwa kwa muda usiopungua miaka 5 yaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa. Kwa hiyo hati inayoandikwa gizani baina ya mwenyekiti na mnunuzi ni dharau kwa wanakijiji wote. Na mnunuzi huyo anapokuwa mtumishi wa umma, dharau hiyo huwa maradufu.

Watauliza wengine: je, mtu aliyechoka apumzike wapi? Jibu liko karibu. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Ziwani kuna Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977. Ndugu zetu wa visiwani hawahitaji kukumbushwa kwamba katika miaka ya 1960 wakazi wa Rubondo walihamishwa ili kisiwa kihifadhiwe kwa faida ya taifa zima. Gharama imekwisha kulipwa na wananchi. Basi wananchi waifaidi. Mwenye kulipa ada na kupiga hema mahali palipotengwa hamwondoi mtu shambani. Siku ya tatu hulikunja hema lake, na ardhi hubaki ya wote.

Hapa hatuna budi kuwaambia ukweli wakuu wa hifadhi. Raia hutozwa ada ndogo kuliko mgeni, nasi tunashukuru. Lakini ada ndogo haimfai mtu asiye na gari la kumfikisha langoni, wala hema la kulalia. Pawepo usafiri wa pamoja, mahema ya kukodi, maji, vyoo, na matangazo kwa Kiswahili katika magati na stendi za mabasi. Hifadhi ikiwa ya wenye magari makubwa peke yao, tusishangae wengine wakiyakimbilia mashamba ya vijijini.

Vijiji navyo visikae kusubiri mnunuzi. Mkutano wa Kijiji waweza kutenga eneo dogo la wageni, wakalipia malazi na chakula, fedha zikaingia katika mfuko wa kijiji. Mkulima atapata haja yake, na shamba litabaki mikononi mwake.

Ardhi ni amana. Tunawaomba viongozi wa Ngara na Biharamulo wailinde kwa mujibu wa sheria, na tunawaomba wenzetu wenye akiba wapumzike bila kumwondoa mkulima shambani mwake.