Mwanafunzi wa sanaa naye asome jenetiki

KUTOKA HERU JUU
Na Edina Bitababaje

Vijana wetu wa Kibondo na Kasulu waliochukua tahasusi za sanaa, HKL na HGL, huingia vyuoni kusomea ualimu, sheria, utawala na maendeleo ya jamii, na wengi wao wameshaiaga baiolojia tangu kidato cha nne. Jenetiki waliipitia mwaka wa mtihani, kwa Kiingereza, wakakariri njegere za Mendel na maneno mawili matatu, basi. Naviomba vyuo viwarudishe kwenye somo hilo kwa muhula mmoja.

Anayesomea udaktari au uhandisi katika vyuo vikuu vyetu vingi lazima asome Taaluma za Maendeleo, apende asipende, na asipofaulu anarudia. Tulipanga hivyo kwa sababu nzuri: daktari asiyejua umaskini wa nchi yake umetoka wapi ana upungufu. Upande wa pili tumeuacha wazi. Ofisa maendeleo ya jamii anaweza kuhitimu kwa alama za juu kabisa, asiweze kumweleza mama wa Mabamba kwa nini mwanawe ana selimundu.

Nianzie hapo, maana ndipo panapouma. Kila mwaka Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu, na nchi yetu imo miongoni mwa zinazoongoza duniani. Mtoto huonekana mzima miezi ya mwanzo, kisha vidole vya mikono na miguu vinavimba, macho yanageuka njano, damu inapungua, analia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Nyumba inagawanyika. Ndugu wa baba wanasema kwao hakuna ugonjwa huo, ndugu wa mama nao hivyo hivyo, na kwa kuwa wazazi wote wawili ni wazima, lawama humwangukia mama, au jirani anayedhaniwa mchawi.

Mwalimu anayetaka kuivunja lawama hiyo anahitaji sarafu mbili za shilingi 200. Upande wa Karume uitwe A, jeni nzima. Upande wa simba uitwe S, jeni ya selimundu. Sarafu moja ni baba, nyingine ni mama; kila mmoja amebeba A na S, ndiyo maana haumwi. Zirushwe pamoja. Zikilala Karume na Karume, mtoto hana S kabisa. Karume kwa baba na simba kwa mama, au kinyume chake, mtoto amefanana na wazazi: anabeba, haumwi. Simba na simba, ndiyo selimundu. Njia ni nne, ya simba wote wawili ni moja. Robo.

Sasa wapo wanaoisikia robo hiyo kliniki wakarudi nyumbani na hesabu yao: wa kwanza ameshaupata, kwa hiyo watatu wanaofuata wamesalimika. Hapo ndipo muhula mmoja unapolipa. Mwanafunzi aliyerusha sarafu hizo mara mia na kuandika kila jibu kwenye daftari ameona kwa macho yake simba wawili wakitoka, na mruko unaofuata wakatoka tena. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka. Kila mimba ni robo upya, hata kama watoto watatu waliotangulia ni wagonjwa, hata kama wote ni wazima. Halihitaji maabara wala darubini hilo, na anayesomea Kiswahili analiweza.

Akishalielewa, atafika kwenye swali ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote: kama S inaua watoto, mbona haijatoweka? Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha jibu alilolipata hapa hapa Afrika Mashariki: mtoto mwenye A moja na S moja huhimili malaria kuliko mwenye A mbili. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017, Kigoma iliongoza nchini kwa watoto wenye vimelea vya malaria, asilimia 24. Sisi tulipaswa kuwa wa kwanza kuliimba jibu la Allison. Koo zenye S hazikulaaniwa na mtu. Ziliishi na mbu vizazi kwa vizazi, na jeni hiyo iliwavusha watoto wengi kuliko iliowaua.

Robo hiyo hiyo imo kwenye michikichi. Tangu Kassim Majaliwa, akiwa Waziri Mkuu, alivalie njuga zao hilo mwaka 2018, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kimekuwa kikizalisha mbegu ya tenera, yenye nyama nyingi na ganda jembamba. Tenera ni mtoto wa dura, ya ganda nene, na pisifera, isiyo na ganda. Unene wa ganda huamuliwa na jeni moja. Watafiti Beirnaert na Vanderweyen walilithibitisha hilo Yangambi, Kongo, wakachapisha mwaka 1941. Mkulima akipanda kokwa za tenera zilizochavushana zenyewe kwa zenyewe, nusu tu ya miche itakuwa tenera. Robo ni dura, na robo ni pisifera, ambayo kwa kawaida haikomazi matunda. Hilo atalijua baada ya miaka kadhaa, mashimo yameshajaa. Mtendaji wa kata anayegawa miche ndiye wa kumwambia mapema, na huyo mara nyingi alisoma masomo ya sanaa.

Wakuu wa vyuo watasema ratiba imejaa. Saa mbili kwa wiki zinatosha, kwa Kiswahili, bila kemia.

Ninayemfikiria zaidi ni mwalimu wa historia. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Ile ya Nduta, Kibondo, ilipokea tena Warundi kuanzia 2015. Tumeishi miaka mingi na majirani ambao baadhi yao waliandamwa kwa sababu ya kabila walilozaliwa nalo. Mwalimu huyo anafundisha jinsi utawala wa Wabelgiji, miaka ya 1930, ulivyowaandikia Wanyarwanda kabila kwenye vitambulisho, huku wataalamu wakipima pua na mafuvu ili waonyeshe kwamba Mhutu na Mtutsi ni mbari mbili. Anaweza kusema ilikuwa dhuluma. Aliyesoma jenetiki ataongeza kwamba elimu yenyewe ilikuwa ya uongo. Mwaka 1972 mwanajenetiki Richard Lewontin alilinganisha makundi ya damu na protini za watu wa dunia nzima, akakuta kiasi cha asilimia 85 ya tofauti zote imo ndani ya kila jamii, kati ya jirani na jirani, na sehemu ndogo sana ndiyo inayotenganisha zile zilizoitwa mbari. Mtoto wa kidato cha pili Kibondo akinyoosha mkono na kuuliza kama damu za Mhutu na Mtutsi zinatofautiana, mwalimu ampe tarakimu hiyo, amweleze ilivyopatikana, kisha awagawie wanafunzi sarafu.