Mtoto Mwenye Ualbino na Ndoa ya Wazazi Wake

Mama apitaye sokoni Mwanjelwa, mjini Mbeya, akiwa amembeba mtoto mwenye ualbino hutazamwa sana, na minong'ono huanza. Wapo wanaume nchini mwetu walioziacha nyumba zao kwa kudhani kwamba wake zao wamezini, au kwamba ukoo wa mke una mkosi.

Sayansi inazikanusha dhana hizo. Kwa kawaida ualbino hutokea mtoto anapopokea kinasaba chenye kasoro kutoka kwa baba na kingine kutoka kwa mama. Wazazi wenyewe huwa na rangi ya kawaida, kwa kuwa kila mmoja anacho pia kinasaba kilicho kizima. Katika kila mimba yao, uwezekano wa kumpata mtoto wa namna hiyo ni 1 kati ya 4. Basi baba amshutumuye mkewe husahau sehemu aliyoitoa yeye mwenyewe.

Ujinga huu huvunja ndoa wakati malezi yanapohitaji watu wawili. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hata siku ya baridi jua lake huunguza ngozi isiyo na rangi. Mtoto ahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu na kiti cha mbele darasani, maana macho yake huona kwa shida. Nani atayapata hayo yote peke yake?

Mwalimu wa biolojia afundishapo urithi asiishie kwenye njegere za Mendel. Wanafunzi wake ndio waume na wake wa kesho.