Bustani za burudani zisiwauzie wageni ahadi iliyokwama

MJADALA kuhusu wajibu wa bustani kubwa za burudani kukarabati mitambo yake iliyoharibika umedumu nchini Marekani kwa miaka mingi, na kiini chake ni sanamu moja ya zimwi.

Zimwi hilo ni Yeti, kiumbe anayetajwa katika masimulizi ya jamii zinazoishi katika milima ya Himalaya. Mnamo Aprili 2006, kampuni ya Disney ilifungua kivutio cha Expedition Everest katika bustani yake ya Animal Kingdom, jimbo la Florida. Wageni hupanda garimoshi linalokwenda kwa kasi ndani ya mlima wa bandia wenye kimo cha karibu futi 200, na upeo wa safari hiyo ni kukutana ana kwa ana na Yeti.

Sanamu hiyo yenye urefu wa takriban futi 25 iliundwa kwa mitambo ili iwarukie abiria huku imenyosha mkono. Hata hivyo, haukupita muda mrefu kabla ya mitambo hiyo kuzimwa kutokana na hitilafu. Tangu hapo sanamu ikawa inasimama tu, huku taa za kumetameta zikiimulika ili abiria wadhani inatikisika. Mashabiki waliibandika jina la kejeli, Disco Yeti.

Mwaka wa 2013, Joe Rohde, mbunifu aliyeongoza kazi ya kuiunda bustani hiyo, aliwaahidi mashabiki kwamba angeirekebisha sanamu hiyo siku moja. Alistaafu mapema mwaka wa 2021 kabla ya ahadi hiyo kutimia.

Wanaoona kwamba ukarabati si wa lazima wana hoja zao. Garimoshi linaendelea kubeba abiria, foleni ni ndefu, na sanamu yenyewe huonekana kwa sekunde chache tu. Isitoshe, kazi kubwa ndani ya mlima huo ingehitaji kivutio kifungwe kwa muda mrefu, hasara ambayo hakuna mfanyabiashara angeifurahia.

Lakini urefu wa foleni si kipimo cha haki. Mgeni anayefika kwa mara ya kwanza hajui anachokikosa. Hulipa langoni, mara nyingi zaidi ya dola 100 kwa siku moja, kabla ya kuona chochote, wala hapunguziwi hata senti moja kwa sababu zimwi limelala. Kwa hivyo, mnunuzi hana njia ya kuuadhibu uzembe huo, na kampuni haina sababu ya kifedha ya kuharakisha.

Aidha, bidhaa inayouzwa hapa si mwendo wa kasi pekee, bali ni hadithi. Kabla ya kupanda garimoshi, wageni hupitishwa katika jumba la maonyesho lililosheheni habari za Yeti. Hadithi inayojengwa kwa ustadi kiasi hicho kisha ikakosa kilele ni sawa na mchezo wa kuigiza ambao mhusika mkuu hakutokea jukwaani.

Ni kweli kwamba usalama hauwezi kuwekwa rehani kwa ajili ya burudani. Mnamo Aprili 2023, sanamu ya joka ilishika moto wakati wa maonyesho ya Fantasmic katika bustani ya Disneyland, jimbo la California. Maonyesho hayo yaliporejea Mei 2024, joka hilo halikuwemo tena, na sehemu yake ilitungwa upya. Huo ulikuwa uamuzi wa heshima: kilichoshindikana kiliondolewa, na hadithi ikapewa mwisho mwingine.

Ukarabati nao unawezekana. Sanamu ya Rais Abraham Lincoln, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza New York mwaka wa 1964, ilipata warithi kadhaa katika bustani ya Disneyland, akiwemo mmoja wa kisasa aliyezinduliwa mwaka wa 2009.

Bustani za burudani, basi, zina njia mbili za haki: kurekebisha, au kuondoa na kuitunga hadithi upya. Njia ya tatu, ya kuficha ubovu kwa taa huku ada ikitozwa kamili, ndiyo inayovunja imani.

Fundisho kubwa zaidi ni kwa wabunifu wa kesho. Sanamu yoyote yenye viungo vinavyosogea itachakaa. Ni sharti njia ya kuifikia, kuifungua na kuitoa ichorwe pamoja na sanamu yenyewe, na fedha za kuitunza zitengwe kabla ya utepe kukatwa. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa Yeti wa Florida, ukuta huo ni mlima mzima.