Kisima Kisichopimwa Kisifunguliwe

Kanda ya Ziwa watu wengi wanaamini kwamba maji yakitoka ardhini meupe, basi ni salama. Mwalimu mkuu anaamini hivyo, mwenyekiti wa kijiji anaamini, na wanafunzi wanaochangisha fedha za visima, wa Dar es Salaam kwa wa Ulaya, wanaamini pia. Siku ya uzinduzi watoto wanapiga makofi, picha zinapigwa, na hakuna anayeuliza majibu ya maabara yako wapi. Imani hii ni ya hatari, na Geita na Shinyanga ni hatari maradufu.

Dhahabu ya Geita mara nyingi imelala kwenye mwamba wenye aseniki. Mwamba huo ukisagwa kwenye makarasha na marudio, yaani mchanga unaobaki, yakaachwa wazi jirani na mialo ya kuchenjulia dhahabu, mvua huikokota sumu hiyo hadi visimani. Hapo bado hujaitaja zebaki ya wachenjuaji. Watafiti wamepima maji ya maeneo ya migodi ya ukanda huu na kukuta aseniki inayozidi mikrogramu 10 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Aseniki haina rangi, harufu wala ladha, na kuyachemsha maji hakuiondoi.

Shinyanga adui ni floraidi. Ikizidi majini humdhuru mtoto wakati meno ya ukubwani yakiwa bado yanaumbika ndani ya fizi. Yanapoota yana madoa ya kahawia, na mswaki hauyatoi. Mtoto huyo anajifunza mapema kucheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Kwa miaka mingi nchi yetu iliruhusu hadi miligramu 8 kwa lita. Leo kiwango ni 1.5.

Wataniambia maji ya lambo yanaua haraka zaidi, kipindupindu hakisubiri maabara. Ni kweli kabisa. Lakini hoja hiyohiyo ndiyo iliyoijaza Bangladesh visima vya bomba kuanzia miaka ya 1970, watoto waokolewe na kuhara. Aseniki ilipogunduliwa humo miaka ya 1990, makumi ya mamilioni ya watu walikuwa wameshayazoea maji hayo kama maji yao ya kila siku.

Mwanafunzi aliyeuza keki au kukimbia mbio za hisani ametimiza wajibu wake. Wa kuulizwa ni mtu mzima aliyezipokea fedha hizo na kukimbilia kuita mtambo wa kuchimba. Bomba la maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, Misungwi, lilizinduliwa mwaka 2009 na linafika Shinyanga na Kahama. Shule iliyo jirani nalo inahitaji kuunganishiwa, haihitaji kisima. Iliyo mbali ina paa la bati. Mita za mraba 100 zikipata milimita 700 za mvua ni lita 70,000, ukitoa kidogo kinachopotea. Jenga tangi.

Pakilazimika kuchimbwa, gharama ya kupima iingie kwenye bajeti kabla ya gharama ya pampu. Wizara ya Maji ina maabara Mwanza na Shinyanga. Majibu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule, kwa Kiswahili, wazazi wayasome, na kipimo kirudiwe kila mwaka. Yakiwa mabaya, mpini wa pampu ung'olewe siku hiyohiyo, hata kama wafadhili wako njiani wanakuja.